Matikiti ya Februari huku pwani: weka tarehe ya maua kwanza

Mkuu, usizifukie hizo mbegu za tikiti tarehe 20 Februari. Umeomba kalenda ya mwaka mzima ya shamba lako la Bagamoyo, mchicha, bamia, nyanya, samadi, mpira wa matone, halafu mwishoni ukagusia kwamba "mtaalamu" wa kikundi cha WhatsApp amekushauri upande ekari moja ya tikiti wiki ya tatu ya Februari, uvune katikati ya Mei, bei ikiwa juu kwa kuwa matikiti hayapo sokoni. Hayo mengine yasubiri. Hilo la tikiti ndilo litakalokula mtaji wako, na nina uchungu nalo kwa sababu ushauri wa namna hiyohiyo ulikula wangu.

Jiulize kwanza kwa nini matikiti huadimika Mei. Wakulima wa pwani yote hii hawajalala. Wanajua kinachotokea Aprili.

Hesabu nami. Tikiti likipandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani, maua dume huanza kuonekana kwenye wiki ya tano hivi, na maua jike, yale yenye kijitunda kidogo chini ya petali, hufuata siku chache baadaye. Kwa tarehe yako, maua jike yatafunguka mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Masika ya huku huingia Machi, na Aprili ndiyo mwezi wake mzito. Sasa ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo, kesho halifunguki tena. Nyuki asipopita asubuhi hiyo na chavua ya ua dume, tunda halishiki. Na mvua ikinyesha nyuki anabaki mzingani.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Shamba lilikuwa zuri ajabu, majani yamefunika ardhi yote, wapita njia wanasimama kulitazama. Matunda hakuna. Vijitunda vilikuwa vinageuka njano na kudondoka, na vichache vilivyoshika vilitoka vimepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa, dalili kwamba chavua haikutosha. Kisha majani yakaingia magonjwa ya ukungu, ubwiri vinyoya na chule, kwa sababu unyevu ule usiokauka ndio yanaoupenda. Kila nikipiga dawa, jioni mvua inaiosha. Yale matunda yaliyofika ukubwa wa kuuzwa yalipata maji mengi mwishoni, mengine yakapasuka yakiwa shambani, mengine yakaoza upande unaogusa tope. Na hata ya kubeba yalipopatikana, Kenta haikuweza kuingia, njia imekuwa bwawa. Pesa ya kulimia, mbegu chotara, samadi, vibarua, yote ilikuwa ya kikoba, na kikoba hakina habari za masika. Marejesho ni marejesho.

Aliyenishauri alikuwa anauza mbegu. Lilikuwepo jedwali, nina hakika na wewe umetumiwa la aina hiyo: mashimo 2,000 kwa ekari kwa nafasi ya mita 2 kwa 1, mara matunda 2 kila shimo, mara shilingi 2,000 kila tunda, milioni 8. Hesabu yenyewe ni sahihi! Kulikuwa na safu ya mbegu, ya mbolea, ya dawa, ya faida. Safu ya mvua haikuwepo. Kalenda hiyohiyo alikuwa anawatumia watu wa Singida, ambako mvua ni msimu mmoja, na watu wa Bagamoyo wenye vuli na masika. Nilipomwambia matunda yanadondoka akaniuzia dawa ya wadudu na kuniambia nipige asubuhi mapema. Asubuhi! Saa ambayo maua yamefunguka na nyuki wachache waliothubutu kutoka wako kazini. Hili bado linanikera kuliko pesa. Mtu anayeuza mbegu lazima ajue nani anachavusha tikiti. Kama hajui, aache kuitwa mtaalamu. Ukilazimika kupiga dawa wakati wa maua, piga jioni, yakiwa yamefunga.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningeomba uiandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako: chagua kwanza wiki ambayo unataka shamba liwe kwenye maua, iwe wiki kavu, halafu rudi nyuma wiki sita. Hiyo ndiyo tarehe ya kupanda. Kutoka maua jike hadi kuvuna weka wiki tano mpaka sita, kutegemea mbegu. Bei ya soko iangalie baada ya hapo.

Kwa pwani inakupa nafasi mbili. Ya kwanza, panda mwanzoni mwa Juni, maua yaje katikati ya Julai, uvune mwishoni mwa Agosti. Ni kipupwe, ardhi imekauka, ila uwe na maji ya kumwagilia hakika. Usikimbilie Mei ukidhani masika yamekwisha: mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei. Ya pili, panda wiki ya mwisho ya Desemba, maua yaje mwanzoni mwa Februari, uvune katikati ya Machi kabla njia haijaharibika. Hii ina hatari zaidi, kwa hiyo soma utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaeleza kila ukanda mvua inatarajiwa kuanza lini. Wengine wanalenga Ramadhani. Sawa, lakini kumbuka kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, na ikiangukia mahali ambapo maua yatakutana na mvua, achana nayo mwaka huo.

Wiki ya mwisho punguza maji ili sukari ipande. Vuna pale kikono, kile kijiuzi kinachojisokota karibu na kikonyo cha tunda, kikikauka na doa la upande uliolalia ardhi likiwa limegeuka kutoka jeupe kuwa la njano.

Mchicha panda tu, ndani ya mwezi unauza, ila tuta liinuke wakati wa masika. Bamia nayo haina shida kubwa.

Ekari yako ni kichanga au mfinyanzi? Na kisima kina maji mpaka Agosti? Jibu hayo mawili hapa pamoja na wiki ya maua uliyoichagua, tuipitie wote kabla hujamtumia huyo bwana pesa ya mbegu.