Makala za duka: fuata msimu, achana na salamu za sikukuu

Nakodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro hapa Moshi: majaketi, buti, mifuko ya kulalia, fimbo. Wenzangu wenye biashara ndogo huniuliza napata wapi cha kuandika kwenye blogu ya duka mwaka mzima. Jibu langu la kwanza huwakera: acheni kuandika "Heri ya Pasaka". Salamu hizo huitikiwa na mashangazi na wana kwaya wenzako. Anayetafuta jaketi hazimsaidii kitu.

Mimi nategemea daftari la kaunta. Mteja akiuliza jambo, naliandika kwa maneno yake mwenyewe. "Nikipitia Marangu bado nahitaji mfuko wa kulalia?" Likiulizwa na watu watatu wasiojuana, hiyo ni makala, na swali lenyewe ndilo kichwa chake. Usilipambe, maana watu huandika Google vilevile wanavyoongea. Tena jibu lake lina nyama: njia ya Marangu ina vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo hema hutabeba. Mfuko utabeba. Kibanda cha Kibo kiko juu ya mita 4,700, na baridi ya usiku huko haizuiliki kwa ukuta peke yake.

Kinachowashinda wengi ni wakati. Wanaandika habari za msimu wakati msimu umeshafika mlangoni. Mlima huchangamka Juni hadi Oktoba, kisha Januari na Februari. Lakini mgeni wa Julai huwa ameshaanza kupekua mtandaoni miezi kadhaa kabla, na Mtanzania anayetaka kuwa kileleni 9 Desemba, Siku ya Uhuru, hasubiri Desemba ndipo aulize buti. Kwa hiyo masika, mvua zinapomwagika na kaunta imelala, naandika za Desemba na Januari. Vuli, mwezi wa kumi na moja, naandika za Julai. Zinakaa tayari, nazitoa moja moja.

Mbili kwa mwezi zinatosha. Afadhali hizo kuliko kuandika kila siku wiki mbili kisha kimya. Mteja akikuta makala yako ya mwisho ni ya mwaka juzi, atajiuliza kama duka bado lipo.

Bei na tozo za hifadhi usizitawanye ndani ya makala. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na mabadiliko mengi ya tozo na kodi huanza hapo. Weka bei ukurasa mmoja, makala zote zielekeze huko, ili Julai urekebishe mahali pamoja tu. (Picha piga mwenyewe, nje, kwa simu. Jaketi lako lililochakaa kidogo linaaminika kuliko picha ya kuokota mtandaoni.)

Na wewe mwenye saluni? Daftari ni lilelile, msimu ndio tofauti. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani na viti vinajaa. Makala ya mitindo na namna ya kuweka nafasi iwe hewani kabla Novemba haijaisha. Mwenye duka la pembejeo aangalie mvua: mkulima wa mahindi ya masika anauliza mbegu Februari, na ikifika Aprili ameshahamia kwenye maswali ya mbolea na viwavi.