Mimi Sikuchelewa

Juzi kijana mmoja wa Mombasa aliniandikia: "Mwalimu, mama ana kidonda chini ya ulimi tangu kabla ya Ramadhani. Tumeshampa dawa tatu. Mwenyewe anasema hakimuumi, kwa hiyo hatuna wasiwasi sana." Nilimjibu pale pale ampeleke hospitali wiki hii hii. Hilo la kutouma ndilo lililonitia hofu.

Kidonda changu pia hakikuuma, kumbe kilikuwa saratani ya ulimi. Kilikaa ubavuni mwa ulimi, mkabala na gego lililovunjika, ukubwa wake kama punje ya choroko. Duka la dawa wakanipa GV, ulimi ukawa zambarau. Zahanati wakanipa vidonge vya fangasi na vitamini. Kwingine nikaambiwa ni gego linakwaruza, likang'olewa. Kila mmoja alisema, "Tumia hii siku saba, ukiona bado urudi," nami nilirudi. Ila kila nikirudi namkuta mhudumu mwingine, ananipa dawa nyingine, na hesabu inaanza upya. Kwenye madaftari yao kidonda changu kilikuwa na siku saba daima, ilhali kinywani mwangu kilikuwa na miezi. Na kwa kuwa sivuti wala sinywi, saratani haikumjia mtu akilini.

Aliyeniokoa ni daktari wa kinywa, mama mtu mzima, ambaye hakuniandikia dawa yoyote. Aliishika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta taratibu upande huu, kisha upande ule, akamulika. Akakibonyeza kidonda kwa kidole chenye glavu. "Kingo zake ngumu," akasema. Halafu akanipapasa chini ya taya na shingoni kutafuta tezi, maana saratani hii ikishafika kwenye tezi za shingo, nafasi ya kupona hushuka kwa karibu nusu. Hakutumia mashine yoyote. Siku ile ile akanichoma ganzi, akakata kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kidonda, kwenda maabara.

Majibu yakaja: ni yenyewe. Ya upasuaji na mionzi nitayasimulia siku nyingine. Leo nasema tu kwamba nimekatwa kipande cha ulimi, na bado nasimama mbele ya darasa la nne nikifundisha, watoto wananielewa, na Qurani naisoma kwa sauti. Alhamdulillah.

Kinachoniuma mpaka leo ni swali. Katika hospitali moja kubwa, mtu aliyekuwa akifungua faili langu aliniuliza mbele ya wagonjwa wenzangu: "Mama, kwa nini mnachelewa hivi?" Mimi sikuchelewa. Muda wote nilikuwa mikononi mwao. Wapo wanaoanzia kwa mganga, wapo wanaokosa nauli, sikatai. Lakini wengi niliokaa nao foleni ya mionzi walikuwa na vyeti vya zahanati tangu mwanzo, na hakuna aliyewavuta ulimi akatazama.

Kwa hiyo ndugu zangu, shikeni wiki tatu. Kidonda cha kinywani kilichopita wiki tatu, au baka jeupe lisilofutika, au jekundu ambalo ni la hatari zaidi, hakitafutiwi dawa ya nne. Kinatafutiwa kipimo cha kinyama. Hesabu tangu siku ulipokiona, usihesabu tangu dawa ya mwisho. Jino la mtu mzima likilegea na fizi pale imevimba, usikubali ling'olewe kabla fizi haijachunguzwa. Pengo likikataa kupona, rudi.

Na nyinyi mama zangu na shangazi zangu wa Tanga, Unguja na Mombasa mnaopenda tambuu, nawaomba. Popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, imetajwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, kuwa inasababisha saratani, na hilo linajulikana tangu 2004. Ukiona mdomo unakuwa mgumu kufunguka, tonge halipiti kama zamani, pilipili kidogo tu inachoma kama moto, usiseme ni uzee. Nenda ukaangaliwe.

Mkishakatwa kinyama, msiondoke kabla ya kuandika kimepelekwa maabara gani, kwa namba gani, na majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikifika nenda mwenyewe ukayadai, usisubiri kupigiwa simu.