Fundi wa Sauti Anajibu: Babu Ndani ya Mtungi

*Fundi, shikamoo. Nimemrekodi babu kwa simu akisimulia ujana wake, dakika 40. Nikapakua Audacity, programu ya kuhariri sauti, ili nimhariri. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na feni, nikatumia kipunguza kelele mara tatu. Feni imenyamaza kweli, lakini babu sasa anasikika kama anazungumza ndani ya mtungi wa maji. Isitoshe, nilihifadhi kazi na kuwatumia ndugu zangu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuifungua kwenye simu. Niendelee au nimwachie mwenye ujuzi?*
*Mjukuu*

Marahaba, mjukuu. Endelea. Ila kwanza niambie: ile rekodi ya kwanza bado ipo kwenye simu? Kama ipo, usiiguse. Inakili mahali pengine kabla hujasoma mstari unaofuata.

Nianze na hilo la ndugu zako maana ni jepesi. Ulichowatumia si sauti, ni kazi iliyo mezani. Faili linaloishia na .aup3 ni kama nguo ambayo bado imo kwenye cherehani, ina pini na chaki. Audacity ndiyo inayojua kuisoma, simu haiwezi. Rudi kwenye menyu ya faili, tafuta amri ya kutoa sauti, chagua MP3, mkondo mmoja (mono) badala ya miwili, kilobiti 128 kwa sekunde. Kwa mtu mmoja anayezungumza hiyo inatosha kabisa. Hilo la .aup3 libaki kwako, kwa sababu siku utakapotaka kurekebisha kitu utalihitaji.

Na ushukuru kwamba sasa ni faili moja. Kabla ya toleo la 3.0, lililotoka 2021, kazi moja iligawanyika: faili dogo la .aup, na pembeni yake folda yenye jina lilelile na neno data mwishoni, ambamo sauti yenyewe ilikaa. Mimi huyu unayeniita fundi nilinakili lile faili dogo peke yake kwenye flashi, nikafuta kompyuta kwa raha zangu. Mahojiano ya saa mbili yakaenda hivyo. Nilipofungua flashi nilikuta orodha ya vipande na kimya kitupu.

Sasa mtungi. Kipunguza kelele hakijui feni wala babu. Unakionyesha kipande chenye feni tupu, kinakariri nguvu ya kelele katika kila ukanda mwembamba wa masafa, yaani kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha kinapita kwenye rekodi nzima: kila ukanda usiovuka kiwango kile unashushwa. Shida ni kwamba mwisho wa neno la mzee, pale sauti inapofifia, nao huwa chini ya kiwango. Kinaukata vilevile. Ukipitisha mara tatu unakuwa umemkwangua babu mara tatu, na vinavyobaki ni vile vimlio vya majimaji unavyovisikia.

Anza upya na rekodi ya simu. Pitisha kichujio kinachoondoa sauti nzito zilizo chini ya Hezi 80, maana sehemu ya mngurumo wa feni hukaa huko na sauti ya mtu haipotezi kitu cha maana. Kisha kipunguza kelele mara moja tu, kwa desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya sauti). Kabla ya kukubali, kuna chaguo ambalo wanaoanza hulipita bila kuliona: la kusikiliza masalia, yaani kile kitakachotupwa. Libonyeze, vaa spika za masikioni, usikilize. Ukisikia feni tupu, sawa. Ukisikia maneno ya babu yakinong'ona humo, unamtupa yeye, shusha hizo desibeli.

Feni kidogo itabaki. Iache. Msikilizaji huizoea baada ya sekunde chache, lakini mtungi hauzoeleki.

Najua swali linalofuata, kwa sababu hakuna mzee anayesimulia dakika 40 bila kukohoa. Tuseme anasema "mwaka ule", anakohoa, halafu "mvua ilikataa". Kuza picha ya wimbi la sauti kwa Ctrl na 1 mpaka uone kikohozi kimesimama kama mwiba kati ya vilima viwili. Ukikifuta tu, maneno yanagongana na babu anaonekana ana haraka. Ukikigeuza kimya kabisa ni vibaya zaidi: feni inakatika ghafla na sikio linadumbukia shimoni. Tafuta mahali alipotulia, nakili nusu sekunde ya chumba kitupu, ubandike juu ya kikohozi. Kila unapochagua kipande, bonyeza Z kabla ya kukata. Kingo za chaguo zitasogea hadi pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri, na ule mlio wa "tk" hautatokea. Pumzi zake usizikate. Mimi huacha hata kikohozi kimoja au viwili.

Ukikosea, Ctrl na Z inakurudisha hatua kwa hatua, mpaka mwanzo ukitaka. Ukifunga kazi, hatua hizo zinafutika. Ndiyo maana nilikuuliza habari za simu.

*Hii Audacity ni ya bure kweli, au baadaye wataniomba malipo?*
*Mwenye shaka*

Ni ya bure kweli. Ilianzishwa 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka uliofuata. Tangu 2021 iko chini ya Muse Group, lakini leseni yake bado ni GPL: yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kuutumia. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, audacityteam.org. Ukikuta mahali wanakuuzia, umepotea njia.

*Kila nikitaka kuweka madoido, menyu yote imefifia, haibonyezeki. Nimeifuta programu na kuipakua tena mara mbili, bado.*
*Niliyechoka*

Pole. Huenda sauti bado inacheza, au umeisitisha tu (pause), hujaisimamisha (stop). Bonyeza kile kitufe cha mraba.