Unaanza utafiti wa msitu wa paini ulioangushwa na upepo? Anza kuangalia chini

Wengi wakiingia kwenye hii risachi wanafika msituni na kuinua shingo, mti upi umekatika, upi umeng'oka na mizizi, upi umebaki na matawi mawili. Hayo lazima uyaandike, na pima kwa dira umelalia upande gani maana ndio utajua kama miti yote iliangushwa na upepo mmoja au kuna ya zamani imechanganyika humo. Ila wadogo zangu, swali la msitu utarudi vipi jibu lake mara nyingi liko chini ya magoti yako. Paini nyingi zikikatika shina hazichipui tena, zinazoweza ni chache, kwahiyo msitu unaokuja unategemea mbegu na miche iliyokuwepo kabla. Na kama chini kulikuwa kumejaa miti mingine inayovumilia kivuli, imekaa tu inasubiri mwanga, basi upepo umeifungulia mlango.

Ndio maana usichanganye upepo na moto. Tarehe 4 Julai 1999 upepo mkali ulilaza msitu mkubwa sana eneo la Boundary Waters kule Minnesota, Marekani. Huko kuna jack pine, aina ya paini, koni zake nyingi (zile zinazobeba mbegu) zimegandishwa na utomvu mpaka zipate joto la moto ndio ziachie mbegu, sasa upepo unaangusha mzazi halafu moto haujaja, mbegu zimefungiwa ndani, na miti ya kivuli iliyokuwa chini inajipandia zake. Ukienda na wazo kwamba kila janga linarudisha msitu mwanzo utashangaa, upepo mara nyingi unausukuma mbele kwenye hatua inayofuata, tena bila paini.

Longleaf pine nayo ina vituko vyake. Hii ndio ilipigwa na kimbunga Michael Oktoba 2018 kule Florida, na mche wake unaweza kukaa miaka kadhaa ukionekana kama kichaka cha nyasi huku unashusha mzizi tu, kwahiyo kama hujafundishwa kuutambua utaandika hakuna miche na ploti nzima, yaani kipande cha msitu unachopima, inayo. Mbegu zake hazikai ardhini kusubiri, zinaota muda mfupi baada ya kudondoka, na miaka ya mbegu nyingi haiji kila mwaka, kwahiyo uliza kwanza mwaka wa mbegu ulikuwa lini kabla hujalaumu kimbunga.

Setilaiti sasa. Najua inavutia, data za setilaiti za Landsat ni bure, unakaa na laptop huna mbu, na grafu ya ukijani inapanda vizuri mwaka wa pili wa tatu, unakimbilia kuandika msitu umepona. Umepona nini? Hizo ni nyasi na vichaka! Pikseli, yaani kidoa kimoja cha picha, ina upana wa mita 30 na haijui paini ni ipi. Itumie kujua uharibifu umefika wapi, kupona nenda kahesabu kwa miguu.

Halafu panga kurudi. Mti uliosimama baada ya upepo haujapona, mizizi imevutwa huko chini, wengine wanakufa mwaka wa pili au baadaye, na wadudu wa magome wanazaliana kwenye magogo kisha wanahamia kwenye miti iliyosimama, kama ilivyotokea misitu ya Landes, Ufaransa, baada ya dhoruba Klaus ya Januari 2009. Ukipima mara moja tu namba ya vifo itakuwa ndogo kuliko ukweli, kwahiyo kama masta yako ni fupi muombe supavaiza akupe ploti zilizopimwa kabla ya dhoruba, hizo ni dhahabu kabisa.

Wenye msitu ongea nao mapema sana. Watataka kuvuna magogo kabla hayajaoza, na mashine zikipita zinakanyaga miche na pengine vigingi vyako vya kuweka alama za ploti pia, lakini ukijua ratiba yao unaweza kupata ploti zilizovunwa na zisizovunwa zikiwa jirani, hilo ni swali zuri la tesisi. Ila kumbuka dhoruba ni moja, ploti 60 ndani yake sio dhoruba 60, huwezi kusema dhoruba zote ziko hivyo, mtahini atakubana hapo.

Usiingie peke yako. Kofia ngumu muda wote, upepo ukianza kuvuma tokeni maana kuna matawi yaliyoning'inia juu hayajaanguka bado, na shina lililopindwa chini ya gogo usilikate, linafyatuka. Namba za miti pigilia kwa misumari ya alumini sio ya chuma, mti ukija kuvunwa msumari wa chuma unaharibu msumeno wa watu na mwaka unaofuata hawakupi tena ruhusa.