Kabla Hujakubali Kwamba Mmedukuliwa

Ukifika kazini asubuhi ukute watu wamesimama vikundi vikundi na mkubwa anatangaza kwamba kampuni imedukuliwa, usikimbilie kuogopa. Uliza kwanza: walioingia walitumia akaunti ya nani, kompyuta gani, na ilikuwa saa ngapi? Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo hajui kama mmedukuliwa. Anakisia, na kukisia kwake kunaweza kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia huku mwizi akiendelea kula.

Nimehudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa Nairobi kwa miaka mingi, kuanzia maduka ya Kirinyaga Road hadi ofisi za mawakili kule Upper Hill. Nikiitwa kwa habari ya udukuzi, mara nyingi sana nakuta mambo mengine kabisa. Nakuta nywila moja inayotumiwa na ofisi nzima. Nakuta akaunti ya mtu aliyeacha kazi zamani bado inafanya kazi. Nakuta Windows isiyo na leseni, iliyowekwa pamoja na programu ya kuvunjia leseni, na virusi vimeingia humo humo.

Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area. Mwenye duka alinipigia simu akiwa amepandwa na hasira. "Fundi, tumedukuliwa. Saruji na nondo zimetoka stoo, na kompyuta inasema zimelipiwa." Alikuwa ameshaamua kwamba ni wadukuzi wa nje wakishirikiana na kijana wake wa stoo, kwa sababu huyo ndiye aliyejulikana kuwa anaelewa mambo ya kompyuta. Nikamwambia, "Mzee, tafadhali usimguse mtu wala usizime mashine yoyote mpaka nifike."

Mfumo wao wa mauzo ulikuwa ukiweka kumbukumbu ya kila kitu: jina la mtumiaji, jina la kompyuta, tarehe na saa. Hakuna aliyewahi kuifungua. Tuliifungua pamoja. Risiti zote zenye utata ziliandikwa kwa jina la karani aliyekuwa ameacha kazi miezi kadhaa kabla, zote kati ya saa saba na saa nane mchana, wakati wa chakula, kwenye kompyuta ya kaunta ya pili. Mzee alivaa miwani akasoma mwenyewe mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole kwenye skrini, halafu akageuka kuitazama ile kaunta. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti kile pale, hatua chache kutoka mlango wa ofisi yake, na kuandika nywila ambayo kila mfanyakazi aliijua, kwa kuwa ilikuwa jina la duka na mwaka.

Ni nani sasa? Hapo ndipo penye uchungu. Nywila ilikuwa ya wote, kwa hiyo kumbukumbu haikuweza kusema. Yule kijana wa stoo alinusurika kwa sababu siku hizo, saa hizo, alikuwa nje na lori akipeleka mizigo, na daftari la askari wa getini lilionyesha alivyotoka na alivyorudi. Kilichomwokoa ni daftari la kalamu. Bila hilo angeenda nyumbani, na pengine polisi, kwa kosa la kujua kompyuta kuliko wenzake.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhitaji kununua chochote. Kila mtu awe na akaunti yake na nywila yake, hata kama ofisi ina watu watatu. Anayeacha kazi, akaunti zake zifungwe siku hiyo hiyo. Nimeona waajiri wanaodai funguo, beji na fulana ya kampuni kabla mtu hajalipwa haki zake za mwisho, lakini barua pepe yake inabaki wazi mwaka mzima.

Sisemi udukuzi haupo. Aprili 2023 maduka ya Naivas yalitangaza hadharani kwamba yameshambuliwa kwa programu ya kudai fidia, ile inayofunga faili hadi ulipe. Mei 2017 programu ya aina hiyo, WannaCry, ilikwamisha hospitali za Uingereza na kompyuta katika nchi nyingi, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lililotumika tangu Machi mwaka huo. Ofisi nyingi hazikuwa zimekiweka. Kwa hiyo ukiona kompyuta inaomba kusasishwa, iache isasishwe. Na nakala za faili zako ziwe kwenye diski ambayo haikai imechomekwa, maana iliyochomekwa itafungwa pamoja na nyingine.

Wizi wa mtandaoni ninaoukuta zaidi, ule wa kweli, hauna vishindo. Ni wa barua pepe ya mhasibu. Mtu anamtumia kiungo cha ukurasa unaofanana na ule wa kuingilia barua pepe, mhasibu anaandika nywila yake pale, basi. Mwizi anaingia kimya kimya na kuweka kanuni ya kusambaza, ili kila barua yenye neno kama "ankara" au "malipo" imfikie na yeye. Anasoma kwa wiki nyingi. Anajua mnaagiza nini kutoka Uchina, mnalipa lini, na mnavyosalimiana. Siku ya malipo inapokaribia, inakuja barua ya adabu ikisema akaunti ya benki imebadilika. Shirika la FBI la Marekani liliandika hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa wizi wa namna hii kwa mwaka 2023 pekee, na hizo ni zile tu zilizoripotiwa kwao.

Hapa kinga ni simu. Barua yoyote inayobadilisha akaunti ya malipo, mpigie unayemlipa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyo kwenye barua hiyo usiitumie. Kisha fungua mipangilio ya barua pepe uangalie kanuni za kusambaza. Nimezikuta kwenye akaunti za watu waliokuwa wamebadilisha nywila wakidhani wamemaliza. Na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na nywila mtu aombwe kitu cha pili, kama tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako.

Madai makubwa ya kitaifa nayo yaulizwe maswali hayo hayo. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilikwama. Waliokuwa wakishughulikia pasipoti walisubiri, na hata kuhamisha pesa kati ya benki na M-Pesa kulisumbua. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ni kazi yake, na mjini habari ikawa kwamba data za Wakenya wote zimeibwa. Lakini shambulio lililothibitishwa lilikuwa la kurundika maombi ya uongo kwenye seva, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti, hadi zishindwe kuwahudumia watu wa kweli. Ni sawa na watu elfu kumi wasio na shida yoyote kujazana mlangoni pa Huduma Centre: mwenye shida hapati pa kupita, lakini hakuna aliyefungua kabati la faili. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa madai ya kuliendesha kundi hilo, na msingi wa mashtaka ulikuwa mashambulio hayo ya kurundika maombi.

Uchaguzi nao. Septemba 5, 2022, katika kesi ya uchaguzi wa urais wa mwaka huo, Mahakama ya Juu ilisema haikuletewa ushahidi wa kuaminika kwamba mtu asiyeruhusiwa aliingia katika mfumo wa tume ya uchaguzi, IEBC, na kwamba baadhi ya kumbukumbu za mfumo zilizowasilishwa zilitoka uchaguzi wa 2017 au zilighushiwa. Lakini mahakama hiyo hiyo mwaka 2017 ilifuta uchaguzi wa urais, na moja ya mambo yaliyoiharibia IEBC ni kutofungua seva zake zikaguliwe kama ilivyoagizwa. Kwa hiyo anayedai udukuzi aonyeshe kumbukumbu, na anayekana naye aonyeshe. Simwamini yeyote kwa sababu ya cheo chake wala kwa sababu nampenda.

Jihadhari pia na wanaokuja kukuuzia hofu. Wanaingia chumba cha mikutano na ramani ya dunia yenye mistari myekundu inayorukaruka kuelekea Kenya, wanasema kampuni yako inashambuliwa maelfu ya mara kwa siku. Ripoti za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano nazo huhesabu vitisho kwa mamia ya mamilioni, hata mabilioni. Hesabu za namna hii hujumlisha majaribio mengi yanayofanywa na programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe zikibisha hodi kila mahali. Hazisemi watu wangapi wameibiwa. Muuzaji akikuonyesha idadi, mwulize ni mangapi kati ya hayo yalifaulu katika ofisi kama yako, na kifaa chake kingezuia lipi. Duka lile la Industrial Area lingenunua kifaa cha laki nane na bado saruji ingetoka.

Kuna desturi nyingine inayonikera kwa muda mrefu: kuwalazimisha wafanyakazi kubadilisha nywila kila baada ya siku 30 au 90. Watu wanafanya nini? Wanaandika Nairobi@1, mwezi ujao Nairobi@2. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza desturi hiyo mwaka 2017, na Bill Burr, aliyeandika mwongozo wake wa 2003, alikiri mwaka huo kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Microsoft nayo iliiondoa kwenye mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019. Hapa kwetu bado wakaguzi wanaidai. Bora nywila ndefu ya maneno kadhaa, ya kipekee kwa kila akaunti, ibadilishwe kukiwa na sababu.

Halafu mashine za alama za vidole mlangoni. Mwajiri anaambiwa zinakomesha uchelewaji na haziwezi kudanganywa. Nimezikuta zikiwa na nywila ya kiwandani, na anayeijua anaweza kurudisha saa nyuma na kuwafanya marafiki zake wote wafike saa mbili kamili. Alama hizo za vidole zinahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni data nyeti. Nywila ikivuja unaiweka nyingine. Kidole huna kingine cha kubadilisha. Tulipoona foleni za jumba la mikutano la KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, hadi serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, wengi tulistuka. Kazini tunatoa vidole bila hata kuuliza. Uliza, kwa heshima lakini uliza: zinakaa wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini nikiondoka?

Kuhusu wanaojitangaza kwamba wanaweza kudukua WhatsApp ya mwenzi wako au kukurudishia pesa zilizoibwa: ni wezi. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. WhatsApp nyingi zinazosemekana zimedukuliwa zilichukuliwa kwa sababu mwenyewe alisoma zile tarakimu sita na kumpa mtu simuni. Usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa wateja au mhazini wa chama chenu.

Ikitokea kweli kuna jambo, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini kompyuta iache ikiwaka. Piga picha ya skrini kwa simu. Andika saa. Usikubali mtu aifute na kuweka Windows upya; nimefika ofisi ambako hilo lilifanywa kwa nia njema na kila dalili ikawa imepotea. Mkienda kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road, mtaulizwa ushahidi, na mahakamani kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki. Kama data za watu zimechukuliwa na zinaweza kuwaletea madhara, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72. Mkubwa anayetangaza udukuzi mbele ya wafanyakazi lakini hataki kumwarifu Kamishna, mwulize kwa nini.

Na kama kidole kinanyooshewa wewe, usikiri kwa sababu ya presha wala usijiuzulu siku hiyo. Usifute chochote kwenye simu yako wala kwenye kompyuta ya kazi, hata kile cha binafsi kinachokuaibisha. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kusikizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi unayemchagua. Sheria ya data inakupa haki ya kuona data zinazokuhusu. Andika barua fupi yenye tarehe, uombe kumbukumbu za akaunti yako za siku inayotajwa: saa za kuingia, saa za kutoka, jina la kompyuta. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo.