Usilipe! (jibu kwa anayetaka mashine ya useremala ya mtumba, ya kazi tano)

Yakhe, usilipe kwanza! Nimesoma ulivyouliza kama uinunue mashine hiyo, na hapo uliposema muuzaji kaiwasha mbele yako "ikanguruma vizuri", chai ikanipalia. Mngurumo huo huo na mie nilisikilizishwa. Mashine isiyopitishwa mbao hata mbovu huimba.

Yangu ilikuja na kontena kutoka Ulaya: msumeno, randa ya kunyoosha mbao, kupunguza unene, kuchonga nakshi za ukingoni, kutoboa tundu za kuchomekea ndimi za mbao. Rangi ya kijani inang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Dalali akaniapia, "Sheikh, mzungu kaitumia Jumapili tu." Jumapili za karne nzima labda! Nikatoa milioni nne na nusu, nikaipakia meli mpaka Pemba, vijana wanane kuishusha.

Kazi ya kwanza mlango wa mfenesi. Nikaranda mbao mbili, nikazikutanisha ubavu kwa ubavu, nikazinyanyua dirishani. Mwanga unapita katikati, kadi ya benki inapenya. Nikasema ni visu, nikavinoa. Mwanga. Nikanunua visu vipya. Mwanga. Nikabadili beringi, pesa nyengine hiyo, mwanga uko pale pale, na mteja ananipigia kila baada ya magharibi. Mwezi mzima! Siku ya kulaza rula ndefu ya chuma juu ya meza mbili za randa ndipo nikaona haziko usawa mmoja. Nikakwangua ile rangi yao nzuri: chini mshono wa kulehemu. Meza ilishavunjika, ikaungwa, ikapakwa rangi. Chuma cha kusubu hicho, kuungika hakiungiki vyema, na meza nyengine ya kuitoa wapi? Fundi chuma aliitazama akaniuliza kama nauza chakavu. Dalali? Simu yake haipatikani mpaka leo.

Basi chukua mbao zako MWENYEWE mbili, kila moja urefu wa pima moja na nusu (pima ni mikono miwili iliyonyooshwa). Ziranda hapo hapo, zikutanishe, zinyanyue juani. Ukiona mwanga, ondoka. Muuzaji akikwambia "umeme mdogo leo, njoo kesho", ondoka mbio.

Umeuliza kama itakwenda kwa umeme wa nyumbani: soma kibandiko cha mota, kikisema volti 380 au 400 inataka fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu za moto, si ule wa kawaida wa nyumbani wa waya mmoja wa moto. Mengine uliyouliza watakujibu wenzangu.

Msumeno wangu unakata vizuri, nisiudhulumu. Kwenye randa analala paka.

Hujatoa arbuni lakini? Jibu upesi.