Maswali ya Wasomaji: Kinamasi kikikauka, bado ni kinamasi?

SWALI: Halmashauri yetu imeandaa rasimu ya sheria ndogo inayokataza kujenga ndani ya mita 30 kutoka kwenye maji ya ziwa na kinamasi kilicho kando yake. Jirani yangu anataka kufukia upande wake ajenge. Anasema pale si ardhioevu, kwani kiangazi panakauka kabisa. Wananchi tumeitwa kutoa maoni. Niseme nini?

JIBU: Ndugu yangu, nenda, na uwahi kiti cha mbele. Jirani yako anahukumu kwa macho ya kiangazi. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, unatambua ardhioevu zenye maji ya kudumu na zile zenye maji ya muda tu. Ushahidi uko ardhini. Chimbeni shimo la kina cha mkono: udongo unaolowa muda mrefu hukosa hewa, ukawa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hasa kandokando ya mizizi. Tazameni pia matete, mafunjo na ndago. Mimea hiyo haijichagulii makazi ovyo.

Sasa hiyo rasimu. Mita 30 kutoka kwenye maji ya lini? Hapo ndipo ningesimama imara. Ikiachwa hivyo, mjenzi atasubiri ukame ndipo alete kamba ya kupimia. Daini kipimo kianzie pale maji yanapofika kwa kawaida msimu wa mafuriko, au ukingo wa nje wa mimea ya kinamasi, kile kilicho mbali zaidi, na mawe ya mipaka yapandwe. Kisha ulizeni kuhusu mitaro. Mtu anaweza kuchimba mtaro nje kabisa ya eneo lililokatazwa na bado akakausha kinamasi chote bila kujenga hata ukuta. Kukataza kujenga tu hakutoshi. Kufukia na kutoa maji navyo vitajwe kwa majina.

Uchafu nao haujui mita. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, watafiti waligawa kwa pazia ziwa dogo la majaribio liitwalo Ziwa 226. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, ila upande mmoja wakaongeza fosforasi, kirutubisho cha mimea. Huo ndio uliogeuka kijani kwa mwani. Fosforasi hutoka kwenye mbolea, kinyesi, maji ya vyoo na baadhi ya sabuni, nayo husafiri ikiwa imeshikamana na udongo unaomomonyoka huko juu. Kinamasi hupunguza kasi ya maji, tope likatulia humo kabla ya kufika ziwani. Lakini kikizidiwa hushindwa, kwa hiyo msikubali kifanywe shimo la maji machafu la mji.

Na msikubali kuambiwa ziwa likichafuka ndiyo basi tena. Mwaka 1958 wakazi wa eneo la Seattle, Marekani, walipiga kura kuunda chombo cha pamoja cha kushughulikia majitaka. Kati ya 1963 na 1968 majitaka yaliyokuwa yakimwagwa katika Ziwa Washington yakaelekezwa kwingine, na ziwa likarudi kuwa angavu. Kura ya wenyeji ndiyo iliyoanzisha yote hayo, na hilo hunipa moyo sana.

Jambo la mwisho ni adhabu. Faini pekee, mwenye fedha huilipa kama ada ya kibali. Iandikwe kwamba aliyefukia atafukua na kuparudisha palivyokuwa, kwa gharama yake. Peleka maoni yako kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi, na kabla ya kikao kufungwa hakikisha yameingizwa kwenye kumbukumbu.